Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi ya Kupima Laptopu ya Kazi Nzito kwa Muziki na Ubunifu

Ukurasa huu ni wa anayetafuta laptopu moja ya kubeba, ya kurekodia sauti, kufanyia miksi na, ikibidi, kukatia video au kuchorea picha. Nimetumia mashine za aina hii kwa miaka mingi, nyingine zangu na nyingine za kuazima, na jambo moja limekuwa kweli kwa zote: laptopu ya muziki huwezi kuijua katika dakika yake ya kwanza. Utaijua dakika ya arobaini, ikiwa imeshika joto, mradi umejaa traki, na mwimbaji amesimama mbele ya maiki anakusubiri. Namba zilizoandikwa kwenye boksi karibu zote ni za dakika ya kwanza. Majibu yote hapa chini yanatoka kwenye msimamo huo.

"Laptopu ya kazi nzito" ni ipi hasa?

Ni familia ya mashine kama ThinkPad P za Lenovo, Precision za Dell na ZBook za HP. Zilibuniwa kwa wahandisi, wasanifu wa majengo na watu wa michoro ya 3D. Zina upozaji mkubwa kuliko laptopu za ofisini, nafasi ya RAM nyingi, na kadi za michoro zilizothibitishwa na watengenezaji wa programu za uhandisi. Baadhi zina RAM ya ECC, inayogundua makosa madogo ya data na kuyasahihisha.

Kwako wewe wa muziki, uthibitisho wa kadi ya michoro hauongezi kitu, na ECC si lazima. Kinachostahili pesa yako ni upozaji, matundu ya kutosha, na uwezo wa kufungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ukabadilisha RAM, diski na betri. Laptopu isiyoitwa kwa jina hilo lakini yenye vitu hivyo inakufaa vilevile. MacBook Pro haifunguki kuongeza RAM, lakini upozaji wake na utulivu wake wa sauti unaiweka kwenye orodha hii bila ubishi.

Nitazame nini kwenye prosesa: wingi wa viini au kasi ya kiini kimoja?

Anza na kasi ya kiini kimoja. Plagini (programu ndogo za kutengeneza au kubadilisha sauti) zilizo kwenye traki moja hufanya kazi kwa kupokezana: ekwalaiza ikimaliza inamkabidhi kompresa, kompresa anamkabidhi riverb, na hakuna anayeweza kuanza kabla ya mwenzake. Kwa hiyo mnyororo huo kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja. Ukiweka kinanda kizito cha programu na plagini sita juu yake, kiini hicho kinaweza kulemewa huku vingine vimelala. Ndiyo maana unaona mita ya prosesa inasoma asilimia 35 na bado sauti inakatika. Mita inakuonyesha wastani wa viini vyote. Sauti inakatika kwa sababu ya kiini kimoja.

Traki tofauti zinaweza kugawanywa kwenye viini tofauti, kwa hiyo wingi una faida yake mradi unapokuwa mkubwa. Lakini hata hapo, traki zote hukutana kwenye masta (njia ya mwisho ya sauti zote), na masta iliyojaa plagini ni mnyororo mmoja tena.

Angalia pia viini hivyo ni vya aina gani. Prosesa nyingi za sasa, za Apple na za Intel, zinachanganya viini vya nguvu na viini vya kuokoa umeme. "Viini 14" inaweza kuwa sita vya nguvu na nane vya kuokoa umeme. Uliza idadi ya vile vya nguvu.

Kwa anayerenda video au 3D (kuitoa kazi iliyokamilika kuwa faili la mwisho) hesabu inageuka. Huko kazi hugawanyika vizuri na kila kiini cha ziada kinaonekana.

Kwa nini sauti inakwaruza ilhali prosesa bado ina nafasi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalotofautisha laptopu ya muziki na laptopu yenye kasi tu.

Kompyuta haitoi sauti kwa mfululizo. Inaiandaa kwa mafungu yanayoitwa bafa. Bafa ya sampuli 128 (vipimo vidogo vya sauti) kwenye 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ina urefu wa milisekunde 2.67. Maana yake, kila milisekunde 2.67 kompyuta lazima iwe imemaliza kukokotoa traki zote na plagini zote, na fungu liwe tayari. Ikiwahi mara elfu moja ikachelewa mara moja, ile mara moja ndiyo utakayoisikia: "tik" katikati ya noti.

Kinachoichelewesha mara nyingi hata si programu ya muziki. Ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, ya kadi ya michoro, ya kamera au ya usimamizi wa betri, iliyoikamata prosesa kwa milisekunde nne ikifanya mambo yake. Mtu anayeandika barua hatagundua kamwe. Sauti haiwezi kusubiri.

Niliwahi kupata laptopu mpya yenye prosesa ya juu kabisa kwa wakati wake, ikatoa mlio mdogo kila baada ya sekunde chache. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti), nikafuta plagini moja baada ya nyingine, na mlio ukabaki palepale. Siku ya tatu nikafungua LatencyMon, programu ya Windows inayoonyesha ni draiva gani inashikilia prosesa na kwa muda gani, na nikaona upau mwekundu ukiruka kwenye draiva ya mtandao. Nikazima Wi-Fi. Kimya. Siku chache baadaye nikaweka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, na tatizo halikurudi hata Wi-Fi ikiwa imewashwa.

Kwa hiyo unapopima mashine ya Windows, iache LatencyMon ifanye kazi kwa dakika kumi huku Wi-Fi imewashwa, kisha kwa dakika kumi nyingine imezimwa. Ikiwa nyekundu inabaki hata baada ya kuzima kila kisicho cha lazima na kusasisha draiva, irudishe. Usijipe moyo kwamba utaizoea.

Bafa ya ukubwa gani inatosha?

Kurekodi, sampuli 64 au 128. Kumiksi, 512 au 1024, kwa sababu hapo hakuna anayesubiri kusikia sauti yake.

Ili upate picha: sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde tatu ni kama kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake anasikia kuchelewa kwa milisekunde karibu tisa na halalamiki. Mwimbaji mwenye hedfoni ni mwepesi zaidi wa kukwazika, kwa kuwa sauti yake mwenyewe anaisikia pia ndani ya mifupa ya kichwa, bila kuchelewa hata kidogo, na zile sauti mbili zinagongana.

Kumbuka namba ya bafa ni ya upande mmoja. Sauti inaingia, inatoka, na kadi ya sauti nayo inachukua muda wake kuibadilisha, hivyo safari nzima huzidi mara mbili ya bafa. Angalia namba ya safari nzima ambayo programu yako inaionyesha. Na kama kadi yako ya sauti ina njia ya kusikiliza moja kwa moja, bila kupitia kompyuta, itumie, mwimbaji atakushukuru.

RAM kiasi gani?

Midundo (biti), sauti za kurekodi na plagini za kawaida: GB 16. Ukitumia makusanyo makubwa ya ala zilizorekodiwa, piano, nyuzi, kwaya: GB 32. Okestra kamili, au video ya 4K na 3D pamoja na muziki: GB 64.

Sababu ya ala kula RAM ni kwamba programu hupakia mwanzo wa kila noti kwenye RAM ili ilie papo hapo unapobonyeza, kisha husoma sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski. Piano moja iliyorekodiwa vizuri ina maelfu ya mianzo ya namna hiyo.

Kabla ya kulipa, uliza kama RAM imechomelewa kwenye ubao. Kama imechomelewa, unayonunua leo ndiyo utakayokufa nayo, kwa hiyo nunua ya miaka mitano ijayo. Kama inachomoka, unaweza kuanza kidogo ukaongeza baadaye.

Diski lazima iwe ile yenye kasi kuliko zote?

Hapana. Traki moja ya biti 24 kwenye 48,000 Hz inaandika baiti 144,000 kwa sekunde, kama MB 8.6 kwa dakika. Traki 16 kwa pamoja ni MB 2.3 kwa sekunde. SSD ya SATA, aina ya zamani, inasoma karibu MB 550 kwa sekunde, na NVMe ya PCIe 4.0, aina mpya zaidi, inafika karibu MB 7,000. Kurekodi hakuisumbui hata ile ya kwanza. Tofauti utaiona unapofungua mradi mzito wa ala au kukata video.

Ukubwa una maana zaidi: TB 1 ndipo pa kuanzia. Na laptopu yenye nafasi mbili za diski ni raha ya kweli, moja ya mfumo na moja ya ala na miradi. Nakala ya kazi yako iwekwe kwingine kabisa, nje ya mashine hiyo.

Feni na joto: nipime vipi?

Hapa ndipo laptopu nyembamba nyingi huanguka. Prosesa hukimbia kwa kasi yake ya juu kwa muda mfupi, joto likifika kikomo hupunguza mwendo ili isiungue. Mradi uliokuwa unakwenda vizuri saa nne kamili unaanza kukatika saa tano kasorobo, na hujaongeza hata plagini moja.

Chukua mradi wako mzito kuliko yote, zungusha (kirudierudie) kile kipande chenye ala nyingi, na uuache ulie kwa dakika 40. Tazama kasi ya prosesa dakika ya pili na tena dakika ya arobaini. Kwenye Windows, programu ya HWiNFO inaonyesha kasi na joto la kila kiini. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikishuka hadi karibu nusu, unanunua nusu ya mashine uliyoambiwa. Kama huna mradi mkononi, Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, ina jaribio la dakika kumi. Linganisha alama za jaribio fupi na za lile refu.

Kisha pima kelele kwa maiki, kwa sababu sikio huzoea. Niliwahi kurekodi ubeti wa polepole, mwimbaji akiimba karibu kwa kunong'ona. Laptopu ilikuwa mezani, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye maiki. Chumbani sikusikia kitu. Nilipoweka kompresa, nyuma ya sauti yake ukatokea upepo mwembamba, unapanda kila anapovuta pumzi na kuzama kila anapoanza neno, kama mtu wa pili anayepumua nyuma yake. Tulirudia ubeti wote siku iliyofuata, laptopu ikiwa chini ya meza nyuma ya godoro.

Tangu hapo, kila mashine ninayoipima naiacha ipate joto, naweka maiki mahali ambapo mwimbaji angesimama, narekodi nusu dakika ya kimya, halafu naipandisha sauti na kusikiliza. Sikiliza pia mlio mwembamba wa umeme, ule wa juu kama wa mbu. Huo hauna dawa.

MacBook Air za chipu za Apple hazina feni kabisa. Kwa kurekodi sauti chumbani ni utulivu mtupu, na kwa mradi wa wastani zinatosha. Mradi mzito wa muda mrefu utazipunguza kasi, kwa kuwa joto halina pa kwenda.

Je, nguvu inabaki ileile nikitumia betri?

Kwenye laptopu nyingi za Windows, hapana. Ukichomoa chaja mfumo hupunguza nguvu ya prosesa na kadi ya michoro, na mradi uliokuwa salama unaanza kukwaruza. Rudia lile jaribio la kuzungusha kipande ukiwa kwenye betri. MacBook za chipu za Apple zinasimama vizuri hapa, na ni moja ya sababu kubwa za kuzichagua kama unafanya kazi safarini.

Muda wa betri unaotangazwa mara nyingi ni wa kutazama video. Fanya hesabu yako: betri ya Wh 90 (wati-saa) kwenye kazi inayokula wati 30 itakupa saa tatu. Betri kubwa za laptopu huishia chini kidogo ya Wh 100 kwa sababu hicho ndicho kikomo cha kawaida cha kupanda nayo ndege bila kuomba kibali cha shirika.

Nikichomeka chaja nasikia muungurumo kwenye spika. Laptopu ni mbovu?

Huenda si mbovu. Chomoa chaja, muungurumo ukitoweka, umeme unapita njia ya kuzunguka kati ya chaja na spika kupitia waya za sauti. Tumia kebo za TRS au XLR, zile zilizotengenezwa kuzuia kelele za umeme, kati ya kadi ya sauti na spika, na uchomeke vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Kuna watu watakushauri ukate pini ya ardhi ya chaja. Usikate. Pini hiyo ipo kukulinda wewe usipigwe na umeme.

Matundu mangapi, na ya aina gani?

USB-C ni umbo la tundu tu. Tundu hilohilo linaweza kuwa la kasi ya USB 2.0 ya Mbps 480, au la Thunderbolt 4 la Gbps 40, na kwa macho yanafanana. Soma maelezo ya mtengenezaji kwa kila tundu. Habari njema ni kwamba kadi nyingi za sauti zinaridhika na USB 2.0, Thunderbolt inahitajika kwa kadi zenye njia nyingi, diski za nje za kasi na skrini za ziada.

Hesabu vitu vyako: kadi ya sauti, kinanda cha MIDI, diski ya nje, funguo ya leseni ya plagini. Chaja ikichukua tundu moja la USB-C, je, yanabaki ya kutosha? Kadi ya sauti ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine, vingine viende kwenye habu yenye umeme wake. Na ukiwa na mashine mkononi, tikisa kebo taratibu kwenye kila tundu huku muziki unalia. Tundu legevu litakuaibisha jukwaani.

Naweza kutumia hedfoni za Bluetooth?

Kusikiliza, ndiyo. Kurekodi au kupiga kinanda, hapana. Kwa kawaida zinachelewa zaidi ya milisekunde 100.

Windows, Mac au Linux?

Chagua programu kwanza, mfumo utafuata. Ukitaka Logic Pro, programu ya muziki ya Apple, ni Mac tu. Core Audio, mfumo wa sauti wa Mac, inafanya kazi vizuri bila kuhangaika. Windows inahitaji draiva ya ASIO, mfumo uliotengenezwa na Steinberg, na ubora wake unategemea aliyetengeneza kadi yako ya sauti. Linux imepiga hatua: uwezo wa kufanya kazi kwa muda halisi, PREEMPT_RT, uliingizwa kwenye moyo wenyewe wa mfumo (kernel) wa Linux toleo la 6.12 mwaka 2024, na programu za muziki za Ardour, Reaper na Bitwig Studio zote zinapatikana huko. Shida yake ni plagini. Nyingi za kibiashara hazina toleo la Linux.

Laptopu za Windows zenye prosesa za ARM (aina inayotumika pia kwenye simu) zinavutia kwa betri, lakini draiva haiwezi kutafsiriwa kama programu ya kawaida. Hakikisha kadi yako ya sauti ina draiva ya ARM kabla hujatoa pesa.

Kadi ya michoro yenye nguvu inasaidia muziki?

Karibu hapana kabisa. Kwa DaVinci Resolve (ya video) na Blender (ya 3D) inasaidia sana. Kama unafanya muziki peke yake, kadi hiyo inakuletea uzito, joto linalogawana upozaji na prosesa, na draiva moja zaidi ya kuchunguza.

Na skrini?

Kwa muziki, umbo la 16:10 linakupa traki chache zaidi kwa wima, na utaona tofauti. Kwa picha za mtandaoni tafuta skrini inayofikia asilimia 100 ya kiwango cha rangi cha sRGB, kwa video DCI-P3, kwa kazi za kuchapwa Adobe RGB. Baadhi ya skrini za OLED humetameta ukipunguza mwanga, na kuna macho yanayoumia. Ipunguze mwanga na uitazame robo saa kabla ya kuamua.

Laptopu iliyotumika inafaa?

Inafaa sana, hasa hizi za kazi nzito, kwa kuwa zimejengwa kufunguliwa. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakikisha mashine inakubali Windows 11, ikiwemo kuwa na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Andika amri ya powercfg /batteryreport uone betri imebaki na uwezo gani ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Izime, uiwashe upya, uhakikishe haijafungwa kwa nenosiri la BIOS (programu inayoiwasha mashine) wala la kampuni iliyoimiliki. Mwone muuzaji akitoka kwenye akaunti yake mbele yako.

Nina dakika ishirini tu na mashine. Nifanye nini?

Nenda na flashi yenye Reaper, ambayo inaweza kufanya kazi kutoka kwenye flashi na hukupa siku 60 za kuijaribu, pamoja na mradi uliotengenezwa kwa plagini zake yenyewe tu. Nenda na kadi yako ya sauti na hedfoni za waya. Fungua mradi, bafa 128, zungusha kipande kizito, na uuache unalia muda wote huo huku ukikagua bawaba, kibodi na matundu. Dakika ya kumi chomoa chaja bila kusimamisha muziki. Dakika ya kumi na tano weka sikio karibu na feni, kisha weka kiganja juu ya kibodi uone kama ungeweza kupiga noti hapo kwa saa nzima. Hedfoni usizivue hata mara moja. Ukisikia "tik", angalia saa, uandike ilitokea ulipokuwa unafanya nini.

Na uzito?

Pima pamoja na chaja. Kuna laptopu ya kilo mbili ambayo chaja yake inakaribia kilo nzima, na begi litakaloning'inia begani ni moja.